Waandishi Wapendwao na Wasomi Wasiowapenda: Sura Moja ya Historia ya Uhakiki katika Afrika ya Mashariki

Neno "pendwa" limekwisha kuzoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hata wanafunzi wetu hulitumia bila kulitafakari. Husemwa riwaya pendwa, fasihi pendwa, na mkabala wake huwekwa riwaya dhati. Mwanasarufi atatambua mara moja kwamba umbo hilo ni la kutendwa, na kwamba mtenda ameachwa nje ya tungo. Riwaya imependwa, na nani? Laiti tungelijaza pengo hilo, tungepata sentensi ya ajabu kidogo: riwaya iliyopendwa na watu wote isipokuwa huyu aiitaye pendwa. Lugha yetu ni adilifu katika mambo haya, kwani hata pale msemaji anapojificha, kiambishi humfichua.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi huko kutopenda kulivyoingia katika vyuo vyetu, kulivyopata nguvu, na kulivyotugharimu. Yafaa nitangaze mapema niliko. Simpendi Willy Gamba. Nimezisoma riwaya za Aristablus Elvis Musiba nilizoweza kuzipata, nyingine mara mbili, na kila mara nimezifunga nikiwa na kinyongo kile kile. Basi msomaji asinitarajie kuwa wakili wa riwaya za aina hiyo. Kutopenda ni haki ya kila asomaye, na mwalimu wa fasihi asiyekuwa na kitabu asichokipenda pengine hajasoma vya kutosha. Ninalolihoji ni jambo jingine: ilikuwaje hisia ya msomaji mmoja, au ya wasomaji thelathini walioketi katika idara moja, ikawa hukumu, na hukumu hiyo ikawa ukimya?

Asili ya jambo hili haikuwa kwetu. Mnamo 1932 Bibi Q. D. Leavis wa Cambridge alichapisha kitabu chake Fiction and the Reading Public, ambamo alizichunguza riwaya zilizonunuliwa kwa wingi nchini Uingereza na kuona ndani yake dalili za kuporomoka kwa utamaduni. Ni haki kumtolea sifa kwa jambo moja: alivisoma vitabu alivyovichukia, na aliwaandikia watunzi wake kuwauliza habari za kazi yao. Mumewe, F. R. Leavis, alifuata mwaka 1948 na The Great Tradition, kitabu kilichochora mstari wa warithi halali wa riwaya ya Kiingereza. Charles Dickens, kipenzi cha Waingereza wa kila tabaka, aliachwa nje ya mstari huo, isipokuwa kwa riwaya yake moja tu, Hard Times. Kisha mwaka 1970 mume na mke wakatoa pamoja kitabu kizima cha kumtukuza Dickens huyo huyo. Kati ya vitabu hivyo viwili ni miaka 22, na Dickens, aliyefariki 1870, hakuwa ameongeza hata neno moja.

Nayaeleza haya kwa sababu Chuo cha Makerere, kwa miaka mingi, kilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na mtaala wa Kiingereza uliofundishwa huko ulileta kipimo hicho pamoja na vitabu vyenyewe. Mwanafunzi wa Makerere wa miaka ya 1950 alifundishwa kusoma kwa makini, jambo jema kabisa. Lakini kadhalika alifundishwa kwamba kazi ya msomi ni kulinda mlango. Tarehe 24 Oktoba 1968, huko Nairobi, James Ngugi (ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake paanzishwe masomo yenye Afrika katikati. Waraka huo ulileta mapinduzi ya kweli, na sisi sote tulao mkate wa idara za lugha za Kiafrika ni wanufaika wake. Hata hivyo nadhani ulibadili nafaka kuliko ulivyobadili ungo. Fasihi simulizi iliingia, Achebe aliingia, waandishi wa Karibi waliingia. Ungo wa kupetea ulikuwa ule ule, na miaka mitatu baadaye ulipata cha kupeta.

Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman. Msimulizi wake ni mtoto wa kahaba wa Nairobi, ana shahada ya chuo kikuu, hana aibu, na anaongea kwa Kiingereza cha baa. Kitabu kilinunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Mara akafuata David Maillu, ambaye hakusubiri mchapishaji yeyote amkubali bali alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, na kutoa vitabu vidogo vya kutia mfukoni: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974, na vingine vingi. Cha kwanza ni maneno ya mlevi anayeizungumzia chupa yake. Cha pili chahusu masaibu ya wanawake wapiga chapa maofisini, na yale wanayotakiwa na mabwana zao baada ya saa za kazi. Wasomaji wake walikuwa makarani, wapiga chapa wenyewe, walimu wa shule za msingi, watu walionunua kitabu kwa mara ya kwanza tangu waache shule.

Wasomi walighadhibika. Mkubwa wao katika jambo hili alikuwa Chris Wanjala wa Idara ya Fasihi, Nairobi, ambaye katika The Season of Harvest, kitabu chake cha 1978, aliyakosoa vikali maandishi ya namna hiyo. Tusimfanyie dhihaka marehemu Wanjala. Yeye hakuwa mtu wa kuwaona wasomaji kuwa wajinga. Alikuwa na wasiwasi wa dhati kwamba taifa changa, lenye miaka kumi na mitano tu ya uhuru, lilikuwa linajilisha makapi, na kwamba mwandishi ana deni kwa jamii yake. Tena alitia jina lake chini ya maneno yake. Serikali ya Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1976 ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu. Hapo kutopenda kuliacha kuwa jambo la wahakiki, kukawa jambo la forodha.

Sasa natoa hoja ambayo, kwa kadiri nionavyo, haikupewa uzito uliostahili. Mwaka ule ule wa 1974, ambapo After 4.30 ilikuwa mikononi mwa makarani wa Nairobi, Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani yake Kichomi, na ugomvi mkubwa kuhusu ushairi usiofuata vina na mizani ukapamba moto. Wanamapokeo walishikilia kwamba utungo usio na urari hauwezi kuitwa shairi, na kwamba Mswahili hawezi kuufurahia. Vijana wa vyuo vikuu walijibu kwa nadharia. Mjadala huo umejaza kurasa nyingi, nasi twauhadithia wanafunzi kila mwaka. Lakini After 4.30 ni nini? Ni utungo mrefu wa mistari huru. My Dear Bottle kadhalika. Maillu alikuwa ameufuata mtindo uliofunguliwa na Okot p'Bitek katika Song of Lawino mwaka 1966, na umati wa watu wa Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, walikuwa wanasoma mashairi huru kwa furaha, wakati wataalamu wanabishana iwapo jambo hilo lawezekana. Ni kweli waliyasoma kwa Kiingereza, na mizizi ya vina vya Kiswahili ni mirefu kuliko ya lugha ile ya kigeni. Hata hivyo ushahidi ulikuwepo, umelala barabarani. Wataalamu wa Kiswahili hawakuuokota kwa sababu ulikuwa kwa Kiingereza. Wataalamu wa Kiingereza hawakuuokota kwa sababu ulikuwa na matusi.

Upande wa Kiswahili mambo yalikwenda kinyume, na kinyume hicho chastahili kutazamwa kwa utulivu. Kwetu riwaya ya upelelezi haikuzaliwa kichochoroni. Ilizaliwa ikiwa na tuzo shingoni. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari mzaliwa wa Unguja, alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, yaani shirika la serikali za kikoloni lenyewe, na hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa mwaka 1960. Shirika hilo hilo ndilo lililotoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Kwa hiyo mwandishi apendwaye na wengi alitangulia kuheshimiwa; kudharauliwa kulimfuata baadaye, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, pale wahakiki wa Dar es Salaam walipoanza kuipima fasihi kwa swali la tabaka lipi linanufaika nayo. Swali hilo lilikuwa zuri. Kasoro yake ni kwamba majibu yalijulikana kabla ya kitabu kufunguliwa.

Kuhusu Abdulla, shtaka lilikuwa kwamba Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, na kwamba rafiki yake Najum ni Watson. Shtaka ni la kweli, wala mwandishi hakujaribu kulificha. Lakini aliyesoma Kisima cha Giningi (1968) au Duniani Kuna Watu (1973) kwa sikio lililo wazi hataweza kuishia hapo. Kinachowaka katika vitabu hivyo si ule ufumbuzi wa jinai, ambao mara nyingine ni dhaifu. Ni mazungumzo. Watu wa Unguja wanakaa, wanasengenya, wanakatizana maneno, wanajibizana kwa mafumbo, kila mmoja kwa lafudhi na cheo chake. Sijui kitabu cha isimu kinachomfundisha mgeni namna Waunguja walivyozungumza katikati ya karne ya ishirini kwa usahihi kama huo. Hapa wahakiki walibadilika polepole kama akina Leavis, na siku hizi Abdulla hutajwa pamoja na wakuu bila mtu kushtuka.

Musiba hakupata bahati hiyo, nami si katika wale watakaompa. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, Njama mwaka 1981. Mhusika mkuu, Willy Gamba, ni mpelelezi shujaa anayepambana na majasusi wa makaburu na vibaraka wao. Shtaka la kawaida ni kwamba yeye ni nakala ya James Bond na ya vitabu vya James Hadley Chase vilivyojaa kila kibanda cha magazeti kutoka Mombasa hadi Morogoro. Shtaka hilo halinivutii. Chase mwenyewe alikuwa Mwingereza aliyeandika habari za majambazi wa Marekani kwa msaada wa kamusi na ramani. Ikiwa kunakili ni dhambi, basi tuanze foleni yake mbali. Tena kiini cha visa vya Musiba hakikuagizwa ng'ambo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru walipita katika mitaa ile. Majasusi nao pia. Mwandishi aliyetunga riwaya ya ujasusi katika mji huo alikuwa anatazama dirishani.

Sababu zangu ni nyingine. Kwanza, adui wa Willy Gamba hana akili ya kwake. Ni mbaya kwa kuwa ameteuliwa kuwa mbaya, na hivyo ushindi juu yake hautufundishi lolote kuhusu ukaburu, ambao ulikuwa na mantiki yake ya kutisha. Pili, wanawake wameumbwa wawe ama chambo ama pambo. Tatu, sentensi zina haraka. Zinakimbilia tukio na kuiacha lugha njiani, ilhali Abdulla angesimama kuisikiliza. Nne, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, vitabu vinatangaza siasa ya ukombozi huku furaha yake yote ikiwa katika hoteli, magari na vinywaji ghali, bila kuonyesha kwamba kuna mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Huenda msomaji wa Tanzania wa 1979, aliyepanga foleni ya sukari, aliona vyema kuliko mimi kwamba mgongano huo ndio hali halisi aliyoishi nayo. Nimelifikiria jibu hilo. Linaeleza kwa nini kitabu kilipendwa; halinifanyi nikipende.

Nimezitaja sababu hizi waziwazi kwa kuwa ndizo zilizokosekana. Katika George Orwell tunao mfano wa namna nyingine. Mwaka 1944 aliandika makala juu ya kitabu cha Chase kilichotoka 1939, na kukichukia kwa moyo wote kwa jinsi kinavyotukuza nguvu na ukatili. Lakini kabla ya kukichukia alikiri ustadi wa uandishi wake, akakieleza kisa chake kutoka mwanzo hadi mwisho ili msomaji aweze kuhukumu mwenyewe. Karibu na kwetu tunaye Taban lo Liyong. Wakati dunia nzima inaishangilia Song of Lawino, yeye katika The Last Word, mwaka 1969, alikataa kujiunga na ngoma hiyo, na akasema kwa nini: kwamba methali nzito za Kiacholi zilikuwa zimefanywa nyepesi kwa kutafsiriwa neno kwa neno. Waweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi kumjibu bila kurudi katika shairi lenyewe, tena katika Kiacholi chake. Na kwa Kiswahili, Kezilahabi, katika tasnifu yake ya uzamili ya 1976, alimchunguza Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, si kama walii, katika nchi ambamo jina la Shaaban lilikuwa karibu na uwalii. Mtu huyo huyo alijua upande wa pili wa mkuki, maana Rosa Mistika yake ya 1971 ilikuwa imekatazwa mashuleni.

Kati ya kukosoa kwa namna hiyo na kunyamaza kuna tofauti kubwa, na sehemu kubwa ya historia yetu ni ya kunyamaza. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa nchini Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, orodha ya vitabu vya mtihani ikawa ndiyo orodha ya vitabu. Kisichokuwamo hakikununuliwa na shule, kwa hiyo hakikuchapishwa tena, kwa hiyo leo hakipatikani. Karatasi ilikuwa duni, gundi hafifu. Nakala za Comb Books zilizobaki zinabomoka mikononi. Maktaba nyingi za vyuo hazikuzihifadhi, kwa kuwa nani angeagiza kitabu ambacho profesa wake anakidharau? Katika chuo cha ng'ambo nilikosomea uzamili nilikuta vitabu vya upelelezi vya Kiswahili vimepangwa rafuni bega kwa bega na tendi za kale, kwa mpango wa herufi tu. Mkutubi wa kule hakuwa na mapenzi wala chuki navyo, na ndiyo maana vilikuwapo.

Hapa mtu ataniletea Muyaka bin Haji. Profesa Mohamed Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, alionyesha kwamba Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, ndiye aliyeutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni, na kitabu hicho kinamwita Muyaka, katika jina lake lenyewe, mshairi wa watu wengi. Yule aliyeimbwa na wenyeji wa Mombasa mitaani sasa anatafitiwa vyuoni. Basi, wasema, na Musiba atafikia hapo. Hoja hii hainiridhishi hata kidogo. Walikuwapo watunzi wengine katika Mombasa ya Muyaka, waliopendwa pia, na wengi wao hawakufikia popote. Mashairi ya Muyaka hayakuokolewa na ubora wake peke yake. Yaliokolewa kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akasaidiana na mmisionari William Taylor, na karatasi zikahifadhiwa hadi Hichens alipozichapisha mwaka 1940. Bila bidii hiyo tusingekuwa na la kubishania. Sikujua hakungoja kuambiwa na yeyote kwamba Muyaka ni fasihi dhati.

Upepo, hata hivyo, umegeuka. Tangu makala ya Karin Barber ya 1987 kuhusu sanaa za umma barani Afrika, na wengi waliomfuata, imekuwa heshima kuyatafiti maandishi yaliyokuwa yakidharauliwa. Wanafunzi wetu wa uzamili huandika juu ya Ben Mtobwa, juu ya Hammie Rajab, juu ya hadithi za mfululizo zisomwazo kwenye simu za mkononi. Nafurahi. Lakini naona katika tasnifu hizo woga mpya: mwanafunzi haruhusiwi, au hajiruhusu, kusema kwamba kitabu alichokitafiti kwa miaka miwili ni kibaya. Kila umaarufu hutafsiriwa kuwa upinzani dhidi ya wakubwa. Kila utupu huitwa mkakati. Jana kupendwa na wengi kulikuwa hatia, leo ni cheti. Katika hali zote mbili hakuna anayesoma sentensi.

Nitoe mfano wa kitabu kinachongoja kusomwa hivyo. Mwaka 1989 Maillu alichapisha Without Kiinua Mgongo. Jina lenyewe ni somo: mfanyakazi anayeachishwa kazi bila malipo yake ya mwisho hana neno la Kiingereza ambalo yeye na bosi wake wangelielewa kwa uchungu ule ule, kwa hiyo kichwa cha kitabu kinaanza katika lugha moja na kukamilika katika nyingine. Ndani yake lugha hizo mbili zinaendelea kuchanganywa kwa makusudi, kurasa kwa kurasa, na mwaka uliofuata mwandishi akarudia jaribio hilo katika Anayekukeep. Kuna mengi katika vitabu hivi nisiyoyapenda, na mahali pengine mchanganyiko wenyewe hauna sikio. Kiambishi cha Kiswahili kinabandikwa pale ambapo msemaji wa Nairobi asingekibandika. Lakini ili kusema ni mahali gani, na kwa nini, itabidi mtu akae na maandishi hayo, apige mstari chini ya kila kitenzi, na kulinganisha na usemi wa mitaani wa miaka hiyo. Idara za Kiingereza huviacha kwa kuwa si Kiingereza. Sisi huviacha kwa kuwa si Kiswahili.